Umeandikiwa kipimo cha kamera ya utumbo na tarehe bado haijafika: tuelewane kwanza

Kuna kipimo kimoja kikitajwa tu barazani watu wanashusha sauti. Wengine wanakiita kipimo cha kamera, wengine kipimo cha nyuma, hospitali jina lake ni kolonoskopi. Hapa Tanga nawasikia watu wengi wakisema wameandikiwa, na kwa kuwa mara nyingi hakifanyiki siku hiyohiyo unapewa tarehe, basi kile kipindi cha katikati ndio mtu anapoteseka haswa. Tumbo bado linasumbua, damu siku moja ipo siku nyingine haipo, na kila unayemuuliza ana jibu lake. Shangazi anasema hiyo ni bawasiri tu mwanangu, muuza duka la dawa anasema vidonda vya tumbo, na kwenye grupu la WhatsApp la ukoo mtu karusha sauti inasema kansa ikiguswa na vyuma inasambaa mwili mzima. Mgonjwa hapo anapata wapi usingizi?

Nimeona nielezee taratibu maana mkanganyiko mkubwa unatokea pale watu wanapochanganya vitu vitatu, yani dalili, ugonjwa na kipimo. Damu kwenye choo ni dalili. Bawasiri ni ugonjwa. Kolonoskopi ni kipimo. Dalili moja inaweza kuletwa na magonjwa kumi tofauti, na kipimo kinatafuta ni lipi kati ya hayo. Kwahiyo mtu anaposema "wameniandikia kamera maana yake washajua nina kansa ila wananificha", hapana jamani. Wangekuwa wanajua wasingekuandikia upime.

Tuanze na utumbo wenyewe. Chakula kikitoka tumboni kinapita utumbo mwembamba, huko ndiko virutubisho vingi vinakochukuliwa, alafu mabaki yanaingia utumbo mpana. Huu kwa mtu mzima una urefu wa kama mita moja na nusu hivi. Unaanzia chini upande wa kulia karibu na kidole tumbo, unapanda mpaka chini ya ini, unakatisha kwenda kushoto, unashuka, unaishia kwenye puru ambayo ndio sehemu ya mwisho choo kinapokaa kabla hujaenda haja. Kazi yake kubwa ni kufyonza maji. Yakifyonzwa kidogo unaharisha, choo kikikaa humo muda mrefu na maji yakafyonzwa sana unapata choo kigumu.

Kolonoskopi sasa ni mrija laini unaopinda, unene wake ni kama wa kidole, mbele una taa na kamera. Unapitishwa njia ya haja kubwa na daktari anaangalia ukuta wa ndani wa utumbo mpana kwenye skrini. Ndani ya mrija kuna tundu dogo ambalo anapitisha kifaa chembamba, akiona sehemu haieleweki anachukua kipande kidogo sana cha nyama kwa ajili ya maabara, na akikuta kinyama kimeota anaweza kukikata na kukitoa hapohapo. Ufundi huu wa kukata vinyama kwa kupitia kamera ulianza mwaka 1969 kule New York, kwahiyo sio kitu cha majaribio, dunia imeuzoea.

Kuna kamera nyingine inapita mdomoni, hiyo inaangalia koo, tumbo la chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba. Vidonda vya tumbo na kale kadudu ka H. pylori, yani bakteria anayeleta vidonda hivyo, vinatafutwa huko juu. Mtu anaambiwa kolonoskopi anajibu "mimi kamera nilipima mwaka juzi nikaambiwa niko sawa", kumbe alipimwa juu na shida yake iko chini. Na utrasaundi nayo haichukui nafasi ya hiki kipimo. Utrasaundi inatumia mawimbi ya sauti, utumbo umejaa gesi, na mawimbi hayo hayapiti vizuri kwenye gesi, kwahiyo ukiambiwa utrasaundi ni safi hiyo ni habari njema ya ini, figo, kibofu na kizazi, ila kuhusu ndani ya utumbo mpana bado hatujasikia kitu.

Dalili zenyewe zinasema nini

Rangi ya damu inasaidia kukisia ilikotoka. Damu inayotoka karibu na mlango, kama ya bawasiri au mchaniko wa ngozi uliosababishwa na choo kigumu, inakuja nyekundu mbichi, inadondoka juu ya choo au unaiona wakati wa kunawa. Damu ya juu kidogo, upande wa kushoto wa utumbo, inakuja imeshachanganyika na choo, imekolea, pengine na kamasi. Damu inayotoka tumboni kabisa inasagwa njiani mpaka choo kinatoka cheusi, kinanata, kinanuka vibaya. Na ya upande wa kulia wa utumbo mpana inaweza isionekane kwa macho kabisa, inavuja kidogokidogo kwa miezi, mtu anashangaa tu anachoka, moyo unaenda mbio akipanda ngazi, anapimwa damu anaambiwa imepungua. Huku kwetu malaria na minyoo nayo inapunguza damu, kwahiyo watu wanapewa vidonge vya kuongeza damu basi inaishia hapo. Mwanaume, au mwanamke aliyeacha kuingia hedhi, akikutwa na upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma bila sababu inayoeleweka, utumbo inabidi uangaliwe.

Lakini angalia na ulichokula. Bitiruti zinatia choo wekundu, vidonge vya madini ya chuma vinatia weusi, mboga za majani nyingi zinatia ukijani. Kabla hujapiga kelele kumbuka jana ulikula nini.

Dalili ya pili inayoleta hofu ni mabadiliko ya choo. Ulikuwa unaenda kila asubuhi sasa unaenda mara tano, au siku nne hujaenda, au unaenda alafu unahisi hakijaisha, unarudi tena hakitoki kitu. Ikiwa ni siku mbili tatu baada ya kula kitu kibaya, hiyo ni kawaida. Ikivuka wiki tatu inataka kuchunguzwa. Na magonjwa yanayoweza kuleta haya ni mengi: amiba, bakteria, minyoo, bawasiri, utumbo kuwa na tabia ya kukaza na kulegea ovyo bila kidonda chochote, uvimbe wa muda mrefu wa ukuta wa utumbo ambao mwili unajishambulia wenyewe, TB ya utumbo, vinyama, na kansa. Kuharisha kunakopita mwezi kunataka pia kipimo cha VVU, ukiambiwa upime usione umetukanwa. Ndio maana kipimo cha choo na cha damu vinatangulia kabla ya kamera, maana ikionekana ni amiba ikatibiwa na dalili zikaisha, wengine hawahitaji kwenda mbali zaidi.

Kwenye vinyama nisimame kidogo. Hapa sizungumzii kile kinyama cha bawasiri kinachotokeza nje, ambacho ni mshipa wa damu uliovimba. Vinyama vya ndani ya utumbo mpana ni vioto vidogo kwenye ukuta, vingi havina madhara na haviumi. Baadhi, vikiachwa miaka mingi, mara nyingi kama miaka kumi hivi, vinaweza kugeuka kansa. Hapo ndipo thamani ya kamera ilipo, kwamba daktari anaweza kukitoa kinyama kabla hakijawa ugonjwa. Na kansa ikiwahiwa ikiwa bado iko ndani ya utumbo haijatoka, takwimu za Marekani zinaonyesha kama watu 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka 5 baadae. Mwaka 2022 dunia nzima waligundulika watu kama milioni 1.9 na kansa ya utumbo mpana na puru, na mwisho wa mwaka huohuo Pelé naye akafariki kwa ugonjwa huo akiwa na miaka 82. Sio ugonjwa wa Wazungu peke yao na sio wa wazee peke yao, yule muigizaji Chadwick Boseman alifariki 2020 akiwa na 43 tu. Nayasema haya sio kukutisha. Walio wengi wanaopimwa kwa dalili kama zako hawakutwi na kansa, ila kujua wewe uko kundi gani kwa kukisia haiwezekani.

Damu imekata, sasa niende tena?

Hili ndio lililonifanya niandike. Mtu kapewa tarehe, katikati hapo damu inakata, tumbo linatulia, familia inashukuru Mungu, wanasema bora hela ya nauli tulipie ada ya mtoto. Tarehe inapita. Jamani, kukata kwa damu hakumaanishi kilichokuwa kinavuja kimeondoka. Bawasiri inavuja na kuacha, sawa, lakini kinyama nacho kinavuja na kuacha, na kansa nayo inavuja na kuacha, kwasababu vyote vinatoa damu vinapokwaruzwa na choo kinachopita, na choo kikilainika havikwaruzwi. Kwahiyo wiki ambayo damu haipo haijajibu swali lolote. Kama daktari amekuandikia kipimo kwa umri wako na dalili zako, nenda hata kama umeamka mzima unacheka. Na kuwa na bawasiri kweli hakuzuii kuwa na kitu kingine juu yake, mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, hili watu hawalipendi ila ndivyo ilivyo.

Linaloendana na hilo ni dawa za kusafisha tumbo. Mtaani tuna sanamaki, tuna haluli, tuna michemsho ya kwenye chupa ambayo muuzaji anakwambia inatoa sumu na uchafu wa miaka. Sanamaki inafanya kazi kweli, inafanya utumbo ujikamue, ndio maana unaenda mbio. Lakini ukiwa na dalili ambazo hazijajulikana, kunywa hivi kila siku kunakupotezea maji na chumvi, kunabadilisha choo mpaka daktari hajui tena nini ni ugonjwa na nini ni dawa, na kama utumbo umeziba sehemu ni hatari kabisa. Utumbo hauna uchafu wa miaka uliogandia ukutani, ukuta wake unajibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache. Habasoda kijiko kimoja kwenye chai sina ugomvi nayo, ila mwambie daktari unachotumia, chochote kile, hata kama unaona aibu kwamba ulianzia kwa mganga. Hawezi kukuzaba kibao. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua dukani zikwepe kama unatoka damu, maana zinachokonoa ukuta wa tumbo na utumbo, maumivu yakizidi uliza kuhusu panadol. Lakini kama unatumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa akili yako, uliza kwanza.

Siku ambayo husubiri tarehe

Kuna hali zikitokea unaenda hospitali muda huohuo, usiku au mchana, Bombo au kituo chochote kilicho karibu. Damu inatoka nyingi, ina mabonge, au haikatiki. Choo cheusi kinachonata na hunywi vidonge vya chuma. Kizunguzungu ukisimama, jasho la baridi, kuzimia. Tumbo limejaa gumu, linauma sana, unatapika na hata upepo hautoki, hiyo inaweza kuwa utumbo umeziba. Homa kali pamoja na maumivu ya tumbo. Hapa usimsubiri mume arudi kazini wala usianze kuomba ushauri kwenye grupu, chukua bajaji.

Na kama hayo hayajatokea ila unaona unapungua uzito, nguo zinapwaya, au dalili zinaongezeka wiki hadi wiki, rudi kwa aliyekuandikia rufaa umwambie hivyohivyo. Foleni za kipimo hiki zinapangwa kwa uzito wa dalili, na karatasi yako ilijazwa kwa hali uliyokuwa nayo siku ile. Hali imebadilika, karatasi ibadilike. Muulize moja kwa moja, "dokta, mimi niko foleni ya haraka au ya kawaida?" na acha namba ya simu inayopatikana useme kama kuna mtu akighairi nipigieni naweza kuja. Kama umesahau kusema kwamba mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua kansa ya utumbo, rudi ukaseme, hiyo inabadilisha mambo.

Daftari

Jirani yangu mmoja wa Makorora, mama anayeuza vitumbua asubuhi, alichukua daftari la shule la mwanae lililobaki kurasa akaanza kuandika. Nilionyeshwa. Jumatatu, mara tatu, laini, kamasi, damu hapana, nilikula maharage. Jumanne, mara moja, kigumu, damu nyekundu juu, maumivu wakati wa kutoka. Jumatano usiku niliamshwa na tumbo. Pembeni kaandika uzito aliopimwa kwenye mzani wa duka la dawa, na tarehe aliyoanza vidonge vya chuma. Hakuna ufundi wowote hapo. Lakini alipoingia kwa daktari, lile swali la "imekuanza lini na inakuwaje" ambalo wengi wetu tunajibu "ah muda kidogo, inakuja inaondoka", yeye alifungua ukurasa akasoma. Kile cha kuamshwa usiku daktari alikikazania sana, maana utumbo unaosumbuliwa na wasiwasi tu kwa kawaida haumwamshi mtu usingizini.

Uzuri mwingine wa daftari ni kichwani. Ukishaandika unafunga. Huna haja ya kwenda chooni ukakaa dakika ishirini unamulika na tochi ya simu unachunguza, alafu usiku unaingia mtandaoni kutafuta kila neno. Utumbo na ubongo vinaongea muda wote kwa mishipa ya fahamu, ndio maana mtoto siku ya mtihani anaharisha. Hofu peke yake inaweza kufanya tumbo linyonge, linguruma, lijae gesi, na wewe ukaihesabu hiyo kama dalili mpya, hofu ikapanda tena. Nasema hivi kwa moyo mmoja, hofu yako ni ya kweli na maumivu yako ni ya kweli, hakuna anayesema unajitungia. Mchague mtu mmoja wa kumwambia, mke, mume, dada, rafiki ambaye sio mpayukaji. Ukibeba siri hii peke yako miezi miwili utakuwa umechoka kabla ya kipimo. Tembea jioni, kula kwa wakati, lala. Chakula endelea nacho cha kawaida, maji ya kutosha, ukiwa na choo kigumu ongeza mboga na matunda taratibu, ukiwa unaharisha punguza pilipili, kahawa na vya kukaangwa, na ORS iwe ndani. Usijinyime chakula mpaka unakonda kwa kujinyima alafu daktari ashindwe kujua umekondeshwa na nini.

Kusafisha utumbo, hapa ndipo penye kazi

Walioshapima karibu wote watakwambia kipimo chenyewe si kitu, kazi iko siku moja kabla. Utumbo lazima uwe mtupu kabisa. Ukipiga mbizi pale Raskazone baada ya mvua kubwa, mito imemwaga tope baharini, huoni hata mkono wako mwenyewe, na kamera ndani ya utumbo wenye choo ni hivyohivyo, kinyama cha milimita tano kinapitwa na mtu anaambiwa yuko safi. Au wanasitisha unapewa tarehe nyingine, umerudi mwisho wa foleni.

Utaratibu wa hospitali yako ndio wa kufuata, ila kwa kawaida siku mbili tatu kabla unaacha vyenye makapi na mbegu. Maharage, kunde, mchicha, mahindi, mapera, pasheni, tikiti, na machungwa ya Muheza yapumzike kidogo. Kula wali mweupe, mkate mweupe, samaki wa kuchemsha, yai. Siku moja kabla ni vimiminika vinavyoonekana upande wa pili tu, maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, na visiwe vyekundu maana vinafanana na damu kwenye kamera. Uji sio kimiminika cha namna hiyo, maziwa pia hapana. Vidonge vya chuma kawaida vinaachwa kama wiki moja kabla. Mwenye kisukari asikubali kuondoka bila kuambiwa dawa au sindano yake aitumieje siku hizo, maana atakuwa hali chakula na sukari inaweza kushuka. Mwenye presha au figo aseme mapema, dawa za kusafisha si zote zinamfaa mwenye figo, na usibadilishe ile uliyoandikiwa ukanunua haluli kwa kuwa ni bei rahisi.

Dawa yenyewe mara nyingi ni unga unaochanganywa na maji mengi, lita kadhaa, ina chumvichumvi, haipendezi. Ikiwa ya baridi inanyweka kuliko ya moto. Siku hizi wengi wanaambiwa nusu usiku na nusu alfajiri, usiruke ile ya alfajiri kwa kuwa umechoka, ndiyo inayosafisha upande wa kulia. Umemaliza vizuri pale kinapotoka kimaji cha njano kisicho na vipande. Jipake mafuta ya mgando kabla hujaanza kuharisha, sio baada ya kuchubuka.

Sasa tuliopo Tanga tuna la ziada. Ukipewa rufaa ya kwenda Muhimbili au KCMC Moshi, usije ukanywa dawa nyumbani alafu ukapanda basi. Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350, basi halisimami kila unapotaka. Safiri mapema, ulale kwa ndugu, na uulize kabisa choo chao kikoje maana utakuwa unakitumia wewe usiku kucha. Ukiwa nyumba ya kupanga choo cha watu wengi, waambie wenzako siku hiyo una dawa, weka ndoo ya maji na taa tayari. Sio aibu, kila mtu humo ndani ana utumbo. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, ipo kwenye Qur'ani, na kama daktari anaona si haraka unaweza kuomba tarehe baada ya Idi. Bima nayo ulizia mapema kama kifurushi chako kinagharamia na kama kinataka kibali, usiulizie dirishani siku yenyewe tumbo likiwa tupu.

Ndani ya chumba

Unavaa gauni la hospitali, unalala ubavu wa kushoto magoti yamekunjwa, unafunikwa shuka. Sehemu nyingi unapewa sindano ya kukulegeza, unasinzia nusunusu, wengine hawakumbuki chochote. Inachukua kama nusu saa mpaka saa nzima. Wanapuliza hewa kidogo ili utumbo ufunguke waone, kwahiyo unahisi gesi, na tumbo linanyonga mrija unapopita kwenye kona za utumbo, na kukata kale kanyama hakuumi maana ukuta wa ndani hausikii maumivu ya kukatwa. Kwa sababu ya sindano lazima uwe na mtu wa kukurudisha, na saa 24 zinazofuata usiendeshe bodaboda, gari wala baiskeli.

Kina dada na mama zetu, unaruhusiwa kuomba daktari au nesi wa kike, watakupa kama yupo, na hata asipokuwepo unaweza kuomba nesi wa kike awe chumbani. Na kwa wanaume wenzangu wa pwani niseme wazi kwasababu hili linaua watu: kipimo hiki hakigusi uanaume wako. Ni daktari anatafuta ugonjwa kwenye kiungo ulichoumbwa nacho, basi. Mwanaume anayekaa na damu mwaka mzima kwa kuogopa maneno ya kijiweni anawaachia watoto wake mzigo, na wale wa kijiweni hawatawalipia ada.

Madhara yapo lakini ni nadra. Utumbo kutoboka kunatokea kwa kama mtu 1 kati ya 1,000 au pungufu, na kutoka damu kunaweza kutokea hasa kama kimekatwa kinyama. Ukirudi nyumbani gesi ni kawaida, na damu kidogo sana kama walichukua nyama. Tumbo kuuma sana na kukaza, homa, au damu inayoendelea, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na ile ya kansa kusambaa ikiguswa na kamera haina msingi, inayosambaa ni kansa inayoachwa. Watu wanaona mtu kapimwa leo kafariki baada ya miezi mitatu wanasema kamera imemuua, wakati alienda kupima akiwa amechelewa miaka miwili.

Majibu

Daktari anaweza kukwambia alichoona kwa macho siku hiyohiyo, ila ukiwa umetoka kwenye sindano hutakumbuka, kwahiyo aliyekusindikiza aingie asikilize. Kama walichukua nyama majibu ya maabara yanachukua siku kadhaa mpaka wiki, uliza utayapata wapi na kwa nani. Chukua nakala ya ripoti pamoja na picha. Wakikuta safi muulize kama utumbo ulikuwa umesafishika vizuri na kama walifika mwisho wake, upande wa kulia, maana safi ya nusu utumbo si safi. Mtu asiye na hatari ya ziada akikutwa safi kabisa mara nyingi harudii mpaka miaka 10. Wakikuta vinyama utaambiwa urudi mapema kuliko hapo, kutegemea ni vingapi na vya aina gani. Na ikiwa ni kansa, au kinyama cha aina ya hatari, waambie wadogo zako, kaka, dada na watoto, maana wao kwa kawaida wanashauriwa kuanza kupima wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliogundulika nao wewe, ule unaofika mwanzo.